Aliyeshika Maiki Yangu

Kwenye timu ya kupiga picha za tamthilia mtu yeyote akikohoa atasamehewa, isipokuwa mtu wa sauti. Mimi nilikuwa mtu wa sauti. Naitwa Fausta, mzaliwa wa kijiji cha Buger, wilayani Karatu, na kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kushika fimbo ndefu yenye maiki juu ya vichwa vya waigizaji, hedfoni masikioni, nikisikia kila kitu: kitambaa kinachosugua kifua, tumbo la mtu linalonguruma, mbwa anayebweka kijiji cha pili. Mwaka ule nilianza kusikia mkwaruzo mdogo ambao haukutoka kwa mwigizaji yeyote. Ulitoka kwangu.

Tulikuwa tunapiga tamthilia ya familia inayogombania shamba la kahawa. Mwongozaji wetu alipenda ukungu wa ukingo wa kreta ya Ngorongoro, kwa hiyo tuliamka kabla ya majogoo ili geti la hifadhi likifunguliwa gari letu liwe la mbele. Kipupwe cha kule juu, vidole vinakufa ganzi, lakini mikono lazima ibaki hewani. Ukungu ukiisha tulishuka Rhotia kupiga sini za shambani kwenye vumbi jekundu. Jua likizama tulihamia kwenye nyumba ya kukodi, taa zikawashwa, tukaanza upya kana kwamba siku ndiyo kwanza imekucha. Wali tuliula tumesimama, ukiwa umeshapoa. Nilikuwa na vyumba viwili vya kupanga pale pale Karatu mjini, lakini nililala gesti na wenzangu, wanawake wanne chumba kimoja, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi, maana gari halikumsubiri mtu. Ukiuliza siku ya mapumziko, prodyuza alikujibu kwa upole, "Tutapumzika tukimaliza." Mwenye homa alirudi kwao, na kesho yake palikuwa na mtu mwingine mahali pake.

Ndiyo maana nilificha kikohozi. Nilitafuna tangawizi mpaka ulimi ukachubuka. Nilinunua pipi za koo. Mwongozaji akiita "Sauti?" nilijibu "Ipo!" kisha nikakaza mbavu, nikauma kitambaa cha shingoni, machozi yakinitiririka, nikisubiri aseme "Kata!" ndipo nikimbilie nyuma ya gari. Usiku shuka liliroa kama limetolewa mtoni. Suruali zikaanza kunivuka. Dada mmoja wa vipodozi akaniambia, "Fausta, umepungua vizuri jamani, nipe siri." Nilifurahi. Nawaambia ukweli, nilifurahi.

Siku iliyonimaliza tulikuwa tunapiga sini ya mazishi. Mwigizaji mkuu, mama mtu mzima aliyetoka Dar es Salaam, alikuwa analia kaburini, na alikuwa analia kweli, hata mpiga kamera alikuwa anafuta macho kwa bega. Katikati ya kilio kile kikohozi kikanitoka. Hakikutoka kimoja.

"Nani huyo?" mwongozaji akauliza, ingawa wote walikuwa wananitazama.

"Samahani, ni vumbi."

"Tunarudia!"

Tulirudia mara nyingi. Yule mama hakuweza kulia tena vile. Mwongozaji akaja mpaka mbele yangu, akasema mbele ya watu, "Uchague, Fausta. Koo lako au kazi." Nilikwenda nyuma ya gari kukohoa, na nilipokitazama kitambaa nikaona doa la damu.

Hospitalini hawakunikalisha na wengine. Nesi mmoja mnene, Sista Agripina, alinisikiliza nikikohoa mara moja tu akanyoosha mkono kuelekea nje, kwenye benchi lililo chini ya kibanda cha bati kisicho na kuta. Upepo ulipita pale bila kizuizi. Waliokuwa wakipita kwenda maabara walitembea upande wa pili wa njia. Nilitoa makohozi, nikapigwa picha ya kifua, nikaambiwa nisubiri, nikasubiri, nikarudi tena kusubiri. Siku ya majibu Sista Agripina alikaa karibu yangu, barakoa usoni.

"Ni TB," akasema. "Inatibika. Na usiniangalie hivyo, bado hujafa."

Nikampigia prodyuza palepale nje. Akasema, "Pole sana, dada. Pole sana." Kisha akauliza, "Sasa kesho nani anashika maiki?"

Nikamtaja Neema.

Neema ni mdogo wangu, tunafuatana. Tulikuwa tunaishi pamoja, yeye akiuza vinyago na shanga kwenye duka moja la watalii. Kwa kuwa nilizoea kusafisha vifaa nyumbani, alijua kuvishika, alijua kifungo gani ni cha nini. Nilimtaja ili nafasi ibaki kwetu. Nilimtaja pia kwa sababu nilidhani ataiweza kidogo tu, kiasi cha kuwafanya wanikumbuke.

Aliiweza. Mikono yake ni mirefu kuliko yangu na hatetemeki kwa baridi. Wiki ya kwanza haijaisha, mpiga kamera akanitumia ujumbe wa kunipa pole, na chini yake akaandika, "Mdogo wako ni hatari." Nilizima simu.

Awamu ya kwanza ya dawa ilianguka kwenye majira ya vumbi. Vile vidonge vikubwa ni vya kila siku, na mgonjwa lazima awe na mtu wa kumtazama akimeza. Mtu wangu alikuwa Neema. Kila alfajiri alisimama kando ya kitanda changu na glasi ya maji, amevaa jaketi langu la kazini, hedfoni zangu zimening'inia shingoni, amezipunguza zikae kichwani mwake. Kwa ajili yangu alikataa kulala gesti, akaomba gari limpitie nyumbani, na nje lilikuwa linapiga honi.

"Meza, dada, wananiita."

"Nenda basi."

"Siendi mpaka umeze."

Nilimeza. Aliondoka mbio. Nilibaki nikisikiliza gari likipanda kuelekea Ngorongoro, gia ya pili, gia ya tatu, mpaka likapotea, na mdomoni nina ladha ya chuma. Mkojo ulikuwa wa rangi ya machungwa; siku ya kwanza nilipiga ukelele nikidhani ni damu. Kichefuchefu kilinikalia mpaka mchana. Viungo viliniuma kama mtu aliyelima ekari nzima peke yake. Nywele zilikatika kwenye kitana. Lakini nikiulizwa nini kiliuma zaidi, nasema ni ile honi, kwa sababu haikuwa yangu.

Mama alikuja kutoka Buger kunihudumia. Alinitengea kikombe na sahani, akaziosha kwa maji ya moto, akafungua madirisha yote na kunifunika blanketi. Alinipikia makande na maziwa, uji na karanga, akanilisha nilipokataa. Simlaumu kwa lolote. Ila miaka ile nilipoanza kazi ya kamera alikuwa ameniambia kwa Kiiraqw, bila kuzunguka, kwamba hiyo ni kazi ya watu waliokimbia jembe, na mwanamke anayezurura na wanaume kwenye magari hana mwisho mwema. Sasa nikamsikia akiongea na mama jirani uwanjani.

"Neema wangu anafanya kazi ya televisheni," alisema, na sauti yake ilikuwa imevaa nguo za Jumapili. "Wanamtegemea kweli. Hata chakula hapati nafasi ya kula."

Nikamwita ndani. "Aayo, mama yangu, na mimi nilipokuwa sili ulisema nini?"

Alishika fremu ya mlango. "Wewe ulikuwa wa kwanza," akasema. "Wa kwanza mzazi anamwogopea." Akaenda kukoroga uji. Nililia kwa hasira, na jibu lake halikunisaidia siku hiyo.

Niliona wivu kwa mambo ambayo mtu mzima hawezi kuyataja bila aibu. Niliona wivu kwa midomo ya Neema iliyopasuka kwa upepo wa kreta. Kwa vumbi la viatu vyake. Kwa uchovu wake: alikuwa amechoka kwa kazi, mimi nilikuwa nimechoka kwa kugeuka kitandani. Jioni za mwanzo alikuwa akija kuketi mlangoni kwangu na kunisimulia.

"Leo ukungu umeshuka mpaka kwenye lenzi, dada. Nyati wamepita nyuma ya waigizaji, hatukuthubutu hata kupumua."

"Usinisimulie," nikamwambia.

Kesho yake hakunisimulia. Aliingia, akala, akalala. Nikawa na wivu zaidi, wa mambo aliyoyaona na kuyanyamazia.

Kwenye lile benchi la kibandani, siku za kwenda kuchukua dawa, nilizoea kukaa na mama mmoja Mmasai, Nasieku, kutoka Piyaya. Alikuwa amekuja Karatu kwa shemeji yake, mlinzi wa hoteli, kwa sababu kutoka kwao hadi kwenye dawa ni safari ya kumshinda hata mzima. Alikuwa mdogo kuliko mimi, na shuka lake lilimpwaya kama langu lilivyonipwaya. Siku moja nilikuwa nimeamka vibaya, nikammwagia yote: kazi, Neema, jaketi, honi. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mdogo wako anakulaza na kukuamsha?" akauliza.

"Ananiamsha nimeze dawa."

"Na nyumba yako iko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidevu. Paa lake lilionekana kutoka pale.

"Mimi nakuonea wivu wewe," akasema.

Nilidhani ananitania. Akaniambia amemwacha mtoto wa kike aliyeanza tu kutembea, yuko na mke mwenza. Kwenye simu alimsikia mtoto akimwita yule mke mwenza *yeyo*, mama. "Ni mwanamke mzuri," akasema Nasieku. "Anampenda mtoto. Angekuwa mbaya ningelala, nikijua mtoto ananisubiri mimi." Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba mtu anaweza kunitazama mimi, nilivyokuwa, akatamani chochote. Halafu Sista Agripina akaita jina lake, akainuka akishika ubavu.

Vuli iliponyesha makohozi yangu yalipimwa tena, yakawa safi. Vidonge vikapungua, awamu ya pili ikaanza. Nilianza kula kama mtu aliyekodiwa kula. Nilitembea mpaka sokoni, kisha mpaka barabara ya lami, nikarudi bila kukaa chini. Nikampigia prodyuza nikamwambia niko tayari kwa kazi nyepesi.

"Tunashukuru Mungu," akasema. "Lakini Neema yuko vizuri. Tusivuruge mtiririko."

Mtiririko. Nilikaa na neno hilo wiki nzima.

Mvua zikakatika, jua la baada ya vuli likakausha barabara, vumbi likarudi. Ndipo nilipoanza kumtazama Neema vizuri. Alikuwa anasinzia kijiko kikiwa mdomoni. Mabega yake hayakushuka tena, yalibaki juu kama bado ameshika fimbo. Alikuwa amekuwa mkali hata kwa mama. Na alfajiri moja, akiwa amenishikia glasi ya maji, alikohoa.

Nitaeleza kilichonipitia, kwa kuwa nimejiahidi mwenyewe kuandika yaliyotokea. Kitu cha kwanza hakikuwa hofu. Kilikuwa chepesi, cha haraka, kama mtu aliyefunguliwa mlango: *sasa na wewe*. Kabla hakijaisha, hofu ikaja juu yake na kukifunika. Nikaipokea glasi kutoka mkononi mwake.

"Umekohoa tangu lini?"

"Ni vumbi tu, dada."

Maneno yangu mwenyewe. Sista Agripina alikuwa amesema tangu mwanzo kila anayeishi nami apimwe. Mama alipimwa, akawa salama. Neema kila siku alisema wiki ijayo. "Leo hupandi gari," nikamwambia.

"Leo kuna sini saba. Wanasema asiyekuja leo asije tena." Akanitazama. "Si ndicho unachotaka?"

Mama, aliyekuwa anapuliza moto, aliacha kupuliza. Neema akatoka, akaubamiza mlango. Honi haikuhitajika kupigwa mara ya pili.

Nilimeza dawa zangu peke yangu, mama akinitazama. Kisha nikavaa kitenge kichwani, nikachukua bodaboda mpaka Rhotia. Ilikuwa mara ya kwanza kufika lokesheni tangu niugue. Walikuwa kwenye shamba la mahindi. Niliwaona kutoka barabarani: kamera, taa, mwavuli wa mwongozaji, na juu ya vyote ile fimbo, imetulia kama imepigiliwa mbinguni. Nilisimama nikaitazama. Alikuwa mzuri kuliko mimi. Hilo liliniuma mpaka kwenye meno, na huku linaniuma nikamwona anageuza uso pembeni, anauma kola ya jaketi, mbavu zinaruka.

Mwongozaji akasema "Kata!" Nikapita katikati ya mahindi mpaka mbele yao.

"Fausta!" akasema, akafurahi kweli. "Umenenepa! Karibu."

"Nimemfuata Neema. Anakohoa. Nampeleka hospitali."

Akatazama jua. "Tumalizie sini nne, basi."

"Nilikohoa hapa msimu mzima," nikamwambia. "Uliuliza ni nani anayekohoa. Hukuuliza anaumwa nini. Hakuna aliyeuliza, na tulikuwa tunalala chumba kimoja."

Wenzangu walikuwa wanatazama chini. Dada wa vipodozi alishika mdomo. Mwongozaji si mtu mbaya. Alikuwa na macho mekundu, na nadhani yeye mwenyewe alikuwa hajalala kitandani vizuri tangu tuanze. Akajifuta uso.

"Sawa," akasema. "Aende. Lakini wewe umeshapona, si ndiyo? Shika wewe. Kuanzia sasa hivi. Nafasi ni yako, nakurudishia mbele ya wote."

Neema akaishusha fimbo, akaninyooshea. Nikaipokea. Niliujua uzito wake kabla haijanigusa. Vidole vyangu vilikwenda vyenyewe mahali pake. Kwa miezi yote ile nilikuwa nimeomba sentensi hiyo, na sikuiomba kwa Mungu peke yake, na ilikuwa imekuja hivyo, kirahisi, huku mdogo wangu amesimama pembeni akisubiri bodaboda ya kumpeleka peke yake kwenye lile benchi.

Nikamwekea mwongozaji fimbo mkononi.

"Shika wewe kidogo," nikamwambia. "Uone inavyokuwa."

Nikamshika Neema mkono tukaondoka. Alilia njia nzima, mgongoni kwangu, kwenye ile bodaboda, na kikohozi chake nilikisikia kwenye mbavu zangu mwenyewe.

Tulisubiri kwenye kibanda mpaka kivuli kikahamia upande wa pili. Sista Agripina akatuita wote wawili. Alikuwa ameishika picha ya kifua cha Neema kwenye mwanga wa dirisha.

"Hana TB," akasema. "Makohozi safi, picha safi. Ana vumbi, ana baridi, na ana usingizi wa miezi. Nitampa dawa ya kumkinga. Na alale. Hiyo ni dawa pia, na nayo imezeni mbele yangu kama mnaweza."

Nilikaa chini nikashukuru. Halafu nikaitazama tena ile picha, mapafu meusi, safi, bila wingu hata moja, na nikayaonea wivu. Nilimwambia Neema. Alicheka mpaka akakohoa, Sista akatufukuza.

Alilala siku ile na siku iliyofuata. Simu iliita, mama akaifunika kwa mto. Prodyuza alipokuja mwenyewe nyumbani, tulimwambia tunakwenda wawili au hatuendi: mmoja akishika, mwingine amelala kitandani kwake, siyo gesti, na wiki inayofuata tunabadilishana. Alisema haijawahi kuwa hivyo. Lakini Karatu haina watu wengi wa sauti, na sini za kreta zilikuwa bado. Akakubali kwa shingo upande. Mpiga kamera naye akaomba Jumapili yake. Hapewi kila mara.

Nilimaliza dawa masika yalipoanza. Nasieku alimaliza kabla yangu, akarudi Piyaya. Alinipigia baadaye. Mtoto alimkimbia siku za mwanzo, akajificha nyuma ya mke mwenza. Sasa anawaita wote wawili yeyo. "Umezoea?" nikamwuliza. "Hapana," akasema. "Lakini nambeba."

Kama uko kwenye kazi kama yetu, kamera, taa, sauti, chochote kile, na unakohoa na kuficha, nenda. Kula kabla ya vidonge, mkojo wa machungwa usikutishe, na usiache dawa ukianza kujisikia vizuri, maana ndipo wengi wanapoacha. Kuhusu wivu hakuna aliyenipa kidonge. Nilichofanya ni kuacha kuuficha kama nilivyoficha kikohozi.

Tamthilia ilipoanza kuonyeshwa tulikaa kuitazama Jumapili mchana, baada ya kanisa, mama na majirani wamejaa sebuleni kwetu. Ikafika sini moja ya ukingoni: wale wapenzi wawili wanaagana, hawasemi, ukungu unapita. Unasikia jani la mti likidondosha maji. Unasikia binti akivuta pumzi na kubadili mawazo. Sijawahi kunasa kitu kama kile. Mwishoni majina yakapita, na kwenye sauti liliandikwa la Neema peke yake. Majirani wakapiga vigelegele.

"Hapo kwenye pumzi," nikamwambia chini chini, "umenasa vizuri sana."

Akanigeukia. "Bado unanionea wivu?"

"Ndiyo."

"Sana?"

"Sana."

Akaegemeza kichwa begani kwangu, kizito, na kabla matangazo hayajaisha alikuwa amelala. Sikulisogeza bega. Kesho ilikuwa zamu yangu.